Mama Nati na Nguzo ya Tatu

Mke wangu anaitwa Mama Nati, na jina hilo hakulipata kwa kuzaa. Watoto wetu wana majina yao mazuri tu. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kugonga nati za daraja kubwa la chuma linalounganisha pande mbili za mji wetu. Asubuhi, magari yakiwa bado machache, alivaa buti, akafunga mkanda wa usalama kiunoni, akashika nyundo yake ndogo na kuanza kugonga kutoka upande wetu mpaka ng'ambo. Nati iliyokaza, aliniambia, hulia kwa sauti kavu. Iliyolegea hulia kama mtu mwenye mafua. Aliponieleza hayo kwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa amekuja kupunguziwa suruali ya kazi. Suruali nilimpunguzia. Mengine yakafuata.

Duka langu liko pale pale daraja linapoanzia. Nikiinua macho kwenye cherehani naona nguzo tano za mawe zimesimama mtoni, na juu yake chuma kilichopakwa rangi ya kijani. Malori, mabasi, mikokoteni, wanafunzi, wote hupita hapo, maana kuuvuka mto wetu kwingine ni safari ya nusu siku. Nilizoea kumwona mke wangu akining'inia chini ya daraja kama popo, anaimba. Wateja walinitania.

"Fundi, mkeo ana mume mwingine, tena mrefu kuliko wewe."

"Na mzito zaidi," nilikuwa nawajibu, "lakini huyo hali ugali wangu."

Aliyeleta mambo mapya ni mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa nyumba yetu. Alisomea kompyuta, akaajiriwa na idara ile ile inayotunza madaraja. Yeye na mke wangu walipendana kimawifi, yaani kwa maneno mengi, na kila mmoja akitaka lake liwe la mwisho. Basi siku moja akaja dukani na boksi. Ndani mlikuwa na vidude vya plastiki, kila kimoja saizi ya kipande cha sabuni.

"Wifi, hivi ni nini?" mke wangu akauliza.

"Vihisi. Kila kimoja kinahisi mtetemo. Daraja likitikisika hata kidogo, hata mtu akipita na ndala, kinajua."

"Na kikishajua?"

"Kinaiambia kompyuta."

"Na kompyuta ikishajua?"

"Hapo ndipo penye kazi, wifi yangu."

Mke wangu akamtazama mwenzake kwa jicho la mtu anayeuziwa saa barabarani. Lakini kazi ni kazi. Alimfunga mikanda, akamshusha chini ya daraja, wakaanza kuvibandika vile vidude kwenye vyuma na kwenye vichwa vya nguzo. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni akipanda kiti tu anaona kizunguzungu, alipiga yowe lililosikika mpaka dukani kwangu. Mke wangu akamwambia, "Usiangalie chini. Angalia kazi." Ndivyo mdogo wangu alivyozoea.

Kompyuta ikawekwa kwenye chumba cha zamani cha walinzi, kando ya kizuizi cha barabara: meza, feni, kiti chenye mguu uliofungwa kwa waya, na dirisha linalotazama nguzo. Kiangazi chote mashine ile ikawa inalisikiliza daraja. Mimi nilitaka kujua inafundishwa nini hasa.

"Haifundishwi lori ni nini wala basi ni nini," mdogo wangu akanieleza. "Inapewa mtetemo uliopita sasa hivi, inaambiwa ikisie utakaofuata. Ikikosea, inajirekebisha kidogo. Inakisia tena. Hivyo hivyo, usiku na mchana."

"Kama mimi na mabega," nikasema. "Siku hizi mtu akiingia tu mlangoni najua bega lipi limeshuka, kabla sijashika tepu."

"Sawasawa, kaka. Ila wewe umepima mabega ya mtaa mmoja. Hii imesikia kila tairi lililopita hapa." Kisha, ili nielewe, akaniambia kwa lugha ya dukani kwangu. "Ina matabaka mengi, moja juu ya jingine. La chini linaona nyuzi tu. La juu yake linaona nyuzi zimefumwaje. Linalofuata linaona kitambaa. Ukifika juu kabisa, linaona shati. Na hakuna aliyeiambia shati ni nini. Imelifikia yenyewe."

Nilisema ndiyo, ndiyo, nikarudi kushona. Kusema kweli sikuwa nimeelewa, mpaka siku tuliyoitwa kwenda kuona.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Mdogo wangu alimwita mke wangu, na mimi nikafunga duka nikaenda nyuma yao, maana udadisi ni ugonjwa wangu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na nukta nyingi, zimejikusanya mafungu mafungu, kama mbegu zilizomwagwa kisha mtu akazichambua.

"Kila kilichopita darajani ni nukta moja," mdogo wangu akasema. "Mashine yenyewe imeweka pamoja zinazofanana. Nimekaa siku kadhaa dirishani na saa, nalinganisha, nijue fungu lipi ni nini. Hili ni malori yaliyojaa. Na hili hapa ni malori yale yale, yakirudi matupu."

"Nani aliiambia kuwa yamerudi matupu?"

"Hakuna, wifi."

Mke wangu akavuta kiti karibu. Mdogo wangu akaendelea kuonyesha kwa kidole. Mabasi. Mvua nyepesi. Upepo wa kusini, ambao unalisukuma daraja ubavuni. Fungu moja limetawanyika kama moshi: wanafunzi wakitoka shule, hakuna anayetembea, wote wanakimbia. Jingine ni chuma kinavyojinyoosha jua likipanda, wakati hakuna hata gari moja juu yake. Mke wangu alikuwa amefungua mdomo, na hakuwa na habari kuwa umefunguka.

"Kuna moja tu sijalitambua," mdogo wangu akasema. Pembeni kabisa, mbali na mengine, palikuwa na kifungu kidogo kilichoshikana. "Kinatokea asubuhi. Kitu chepesi sana. Kinakwenda, kinasimama, kinatoa vishindo vidogo vidogo, kinakwenda tena. Nilidhani ni kihisi kibovu."

Feni ikazunguka. Kisha mke wangu akainuka taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Ni mimi," akasema.

Siku iliyofuata hakukubali mpaka aijaribu. Akavuka daraja anachechemea. Akarudi, akavuka tena amevaa viatu vyangu, na viatu vyangu kwake ni mitumbwi. Mteja aliyekuwa dukani akaniuliza kwa huruma, "Fundi, shemeji anaumwa nini?" Nikamwambia ni mambo ya kazi. Kila alivyofanya, nukta iliangukia kwenye kile kile kifungu cha pembeni. Mara moja tu ilisogea kidogo: alipobeba ndoo ya rangi.

"Wifi, hiki kitu kinanijua," akasema, jasho linamtoka.

"Hakikujui jina."

"Jina la nini? Majirani wananijua jina na hawajui hata ninavyotembea."

Tulipokuwa tunakula jioni hiyo, aliacha kijiko kikakaa hewani. "Miaka yote hii," akaniambia, "nilidhani mimi ndiye ninayelisikiliza lile daraja. Kumbe kila ninachofanya kule juu kinashuka mpaka kwenye mawe, kinabaki kimeandikwa. Hata pumzi labda." Nilimwongezea mchuzi.

Kisha mvua zikaja, tena za mwaka ule hazikuwa za kawaida. Mto ulivimba, ukageuka rangi ya matofali, ukapitisha miti mizima na mabati ya nyumba za watu wa huko mto unakotokea. Tulisimama dukani tukitazama maji yakipiga nguzo. Daraja halikutikisika, au sisi hatukuliona likitikisika. Mvua zikaisha, jua likarudi, watu wakaanika magodoro, na kila mtu akasema tumepona.

Mashine ndiyo iliyokataa kusema hivyo.

Kwenye kioo kulikuwa na mstari unaoonyesha makosa yake: ilichokisia na kilichotokea vinapishana kiasi gani. Tangu ihitimu mafunzo yake mstari ulilala chini, umetulia. Sasa ukaanza kuinuka. Si kwa daraja lote. Kwa vihisi vya nguzo ya tatu tu, ile ya katikati, penye kina.

Mke wangu akaenda. Aligonga nati za pale moja moja, akapitisha mkono kwenye viungo vya chuma, akakagua mawe kwa tochi mpaka maji yalipomgusa buti. Hakuna ufa. Hakuna kutu. Hakuna nati yenye mafua. Mdogo wangu akabadilisha vihisi, akaweka vipya. Mstari ukazidi kupanda. Wakampigia simu mkuu wa idara, naye akasema huenda ni unyevu, vifaa vya umeme na mvua havipatani, wasubiri vikauke. Hakusema ujinga. Hata mimi ningesema hivyo.

Nilikuwa nimewapelekea chai asubuhi ile walipobishana, au niseme walipokosa la kubishania.

"Lori zito likipita," mdogo wangu alisema, "pale katikati daraja linatetemeka taratibu kuliko zamani. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, hakuna sikio la mtu linaloweza kuipata. Lakini iko, na kila siku inaongezeka."

"Mimi nimegonga kila kitu, wifi. Kila kitu kinalia vizuri."

"Nakuamini. Na mashine naiamini. Ndiyo maana sijui nifanye nini."

"Yenyewe inasema ni nini?"

"Haisemi. Haijui ufa wala kutu. Inajua tu kwamba hili si daraja lile inalolijua."

Mke wangu akakaa kwenye kile kiti cha waya. "Iliwahi kusema hivyo ikakosea?"

"Mara moja. Walipoweka lami mpya upande wa ng'ambo."

"Hapo haikukosea. Daraja lilikuwa limebadilika."

"Ndiyo, lilikuwa limebadilika."

"Basi na sasa limebadilika." Akaweka kikombe cha chai mezani. "Kama sipaoni palipobadilika, ni kwa sababu nimeangalia pale ninapoweza kufika tu."

Wote wawili wakageuka dirishani kwa wakati mmoja. Nguzo ya tatu ilikuwa imesimama palepale, jua limeipiga, ndege wametua juu yake. Chini yake maji yalikuwa bado mazito kama uji. Hakuna jicho lililoweza kuingia humo.

Mke wangu alikuwa na ruhusa ya kulifunga daraja akiwa na shaka. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuitumia. Alitoka, akashusha kizuizi kwa mkono wake, akampigia mwenzake wa ng'ambo ashushe cha kule.

Jamani, watu walikasirika! Saa za kazi, foleni ikarefuka mpaka nyuma ya duka langu. Dereva wa lori la simenti akashuka, mikono kiunoni.

"Mama, kuna nini?"

"Sijui bado."

"Hujui, na umefunga?"

"Ndiyo, baba. Sijui, na nimefunga."

Wengine walicheka, wengine walitukana. Mimi nilikuwa na suti ya bwana harusi mkononi, na bwana harusi mwenyewe alikuwa ng'ambo, ananipigia simu kila dakika. Nikasogea kwenye kizuizi nikamnong'oneza mke wangu, "Mama watoto, hata mimi? Kwa miguu tu, na suti haina uzito."

"Hata wewe," akasema, bila kunitazama.

Mkuu wa idara alifika amekunja uso. Aliingia kwenye kile chumba, akasimama mbele ya kioo muda mrefu, mdogo wangu akimweleza. Sisi tulitazama kupitia dirishani. Alipotoka, uso ulikuwa umekunjuka, lakini rangi ilikuwa imempotea.

"Kama hakuna kitu," akamwambia mke wangu, "nitakutetea vipi?"

"Sema nilichoka."

Mkuu akatoa simu akamwita mzamiaji.

Mzamiaji alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mtungi wa hewa mgongoni na kamba kiunoni. Walimteremsha kutoka kwenye mashua karibu na nguzo ya tatu. Kamba ikashuka, ikashuka, ikasimama. Kisha tukaiona inakwenda ubavuni, kuelekea kwenye nguzo, na ikaendelea kwenda pale ambapo ilipaswa kugota kwenye jiwe. Walioshika kamba wakatazamana. Foleni nzima ilikuwa imekuja ukingoni. Hakuna aliyekuwa anatukana tena.

Alipoibuka alivua barakoa akashika mashua kwa mikono miwili, akihema. Mkuu akapaza sauti, "Umeona nini?"

"Sikuona kitu. Ni giza tupu. Nimepapasa." Akafuta maji usoni. "Nguzo haina chini."

"Unasemaje?"

"Nimeingia chini yake. Mimi mzima, na mtungi wangu. Mto umechimba pango. Nguzo imekalia ukingo mmoja tu, mwembamba. Mkuu, nilikuwa nimelala chini ya daraja lenu lote."

Dereva wa lori la simenti akageuka kulitazama lori lake lililojaa, kisha daraja. Mwanamke mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti wanawe waliovuka asubuhi kwenda shule, na wote walikuwa salama ng'ambo, lakini aliendelea kuwahesabu.

Mashua ikaondolewa haraka. Tukasogezwa nyuma. Na alasiri hiyo, tukiwa bado tumesimama pale, ndipo ilipotokea. Sikusikia mlipuko. Nilisikia mlio mrefu, wa chini sana, ulioingia miguuni kabla ya kufika masikioni. Nguzo ya tatu ikainama, taratibu, kama kwa heshima, na daraja likashuka pale katikati kama mzee anavyojishusha kitini. Vyuma vya pembeni vikajikunja. Rangi ya kijani, ile aliyoipaka mke wangu kwa mkono wake, ikabanduka ikaanguka mtoni kama majani. Kisha kila kitu kikasimama. Hapakuwa na mtu juu yake. Hata mbuzi.

Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono, kucha zimezama. Umati wa watu wote wale, na nilisikia maji yakipita.

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Hakuwa analitazama daraja. Alikuwa anatazama mlango wa kile chumba. Akaingia, nami nikamfuata. Kwenye kioo ule mstari ulikuwa umepanda mpaka juu, ukatoka nje ya picha. Alisimama mbele yake kama unavyosimama mbele ya mtu uliyemkatisha kauli, kisha ukagundua alikuwa anasema jambo la kukuokoa.

"Ulikuwa unatuambia," akasema kwa sauti ndogo. "Jiwe linaliwa chini ya maji, hakuna anayeona, na wewe ukajua kwa kutetemeka tu."

Mwili ulinisisimka. Mpaka leo nikisimulia unanisisimka.

Matengenezo yalichukua muda. Walimwaga mawe, wakamimina zege, wakainua chuma kwa jeki kubwa ambazo watoto walikuja kuzitazama kama sinema. Tulivushwa kwa mashua. Yule bwana harusi alioa amevaa koti la kaka yake, mikono imemfika kwenye viwiko, na picha anazo. Siku hizi akiniona huwa anacheka. Mkuu akaagiza vihisi kwa madaraja mengine ya idara, akawapa kazi hiyo mawifi wawili, mmoja kwa kompyuta na mwingine kwa kamba. Wanasafiri pamoja, wanabishana njia nzima kuhusu nani kasahau nini, wanarudi wamenuna, na wiki ijayo wanaondoka tena pamoja.

Wakiwa huko, mke wangu hunipigia simu na kunisimulia. Daraja moja la mbao linatetemeka kila alfajiri bila kupita mtu, na mashine ikawaonyesha ni mashine ya kusaga nafaka iliyo mbali, ng'ambo ya kilima. Mtetemo wake unasafiri chini ya ardhi. "Hebu fikiria," ananiambia, "wewe umekaa hapo unashona, na cherehani yako inasema kitu huko ardhini, ila hakuna wa kukisikia." Tangu aniambie hivyo, kuna nyakati naondoa mguu kwenye pedali, nakaa tu.

Daraja letu lilifunguliwa asubuhi moja isiyo na sherehe kubwa. Mkuu alikata utepe, dereva wa simenti akapita wa kwanza, anapiga honi. Mimi na mzamiaji tukaenda chumbani kuwaona mawifi. Kompyuta ilikuwa imewashwa, lakini kioo kilikuwa karibu kitupu, nukta chache tu zimetawanyika bila mpango.

"Mbona haijui kitu?" mzamiaji akauliza, na ana sauti nene kweli.

"Nguzo mpya, daraja jipya," mdogo wangu akamjibu. "Ya zamani haitufai. Imeanza kusoma upya leo."

"Basi tuiulize—"

"Shh!" Mke wangu alikuwa ameweka kidole mdomoni. "Punguza sauti. Inasoma."

Mdogo wangu akamkumbusha kwamba mashine haina masikio, inasikia kutikisika tu, na hata tukipiga ngoma humu ndani haitajali. Mke wangu akasema anajua. Lakini alitutoa nje wote, akafunga mlango kwa mikono miwili ili usigonge.